Neno Linaloingia Daftarini

Hotuba kwa wavuvi, akina mama na vijana wanaojiandaa kwenda kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, akina mama mliopanda boti tangu alfajiri kutoka Faza, Kizingitini na Pate, ndugu zetu wa Hindi na Mpeketoni mliokuja kwa barabara mkavukia Mokowe, na nyinyi vijana mliosimama pale ukutani kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni sana kwa kuja. Najua humu ndani kuna watu walioacha nyavu zao leo, na nyavu zikilala nchi kavu, sufuria nayo hulala tupu. Kwa hiyo nitasema yale tu ambayo naamini yatawafaa.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kujiandaa kusema mbele ya watu. Nilipoombwa nilisita, kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi haikuwa kusema. Ilikuwa kuandika. Mikutano ya hadhara, vikao vya kukusanya maoni, mabaraza ya wazee na maafisa, kote huko mimi ndiye yule mtu aliyeketi pembeni mwa meza, kichwa kimeinama, kalamu mkononi. Nyinyi mlikuwa mkimtazama mkubwa aliyeketi katikati. Lakini mkutano ukiisha, mkubwa huingia kwenye boti yake akaenda, na kinachobaki ni daftari langu. Ripoti hutoka mle daftarini. Yule atakayeketi ofisini miezi miwili baadaye, ana orodha ya maombi upande mmoja na pesa zisizotosha upande wa pili, hakuwepo mkutanoni. Hakusikia sauti yako ikitetemeka. Hakusikia makofi. Anasoma nilichoandika mimi, basi.

Kuna kisa ambacho sijapata kukisema hadharani, na leo nitakisema kwa sababu ndicho kilichonileta hapa.

Miaka mingi iliyopita, katika mkutano mmoja wa kukusanya maoni, alisimama mzee mvuvi. Alikuwa mzee wa haiba, na Kiamu chake, Kiswahili chetu cha Amu, yaani Lamu, kilikuwa kile cha zamani ambacho siku hizi tunakisikia kwa nadra. Alizungumza robo saa nzima na hakuna aliyemkatiza. Alitaja miamba kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaja wanawe. Alieleza babake alikuwa akivua wapi kusi ikivuma, na kaskazi ikirudi alihamia wapi, na sasa yeye anakuta nini pale pale. Watu walinyamaza kimya. Kuna mama alifuta machozi kwa pembe ya leso. Nami nilijisahau, nikaweka kalamu chini nikamsikiliza. Alipoketi watu wakapiga makofi, mwenyekiti akaita mwingine, nikatazama daftari langu: ukurasa mweupe. Nikaandika upesi upesi. "Mzee mmoja alilalamika kuhusu hali ya uvuvi."

Maneno saba. Robo saa ya maisha ya mtu, maneno saba.

Sikuyaandika kwa dharau, wallahi. Nilikuwa nampenda yule mzee. Lakini alikuwa ametumwagia bahari nzima, nami nilikuwa nimeshika kikombe. Hakutuambia anataka nini kifanywe, wapi, na nani. Sasa ameshatangulia mbele ya haki, na katika karatasi za serikali amebaki na yale maneno saba niliyomwandikia. Jambo hili limenikaa moyoni, na ndiyo maana kila ninapoalikwa siku hizi nasema lile lile: unapojiandaa kusema, usianze kwa kujiuliza "nitasema nini?" Anza kwa kujiuliza "nataka karani aandike nini?"

Andika wewe mwenyewe, nyumbani, ile sentensi moja unayotaka isomwe na mtu ambaye hakukuona. Iwe na mahali, iwe na kitu, iwe na kiasi, iwe na watu. Ukisema "gati letu ni bovu, tumeteseka mno," nitaandika "wananchi walilalamikia gati." Ukisema "tunaomba ngazi nne za chini za gati la kijiji chetu zijengwe upya katika mwaka wa fedha unaoanza Julai, maana maji yakipwa abiria wanapandishwa kwa kuvutwa mikono," nitaandika hivyo hivyo ulivyosema, kwa kuwa umenipa kitu cha kushika. Hizo ni sekunde ishirini. Muda wako uliobaki ni wa kuieleza na kuitetea hiyo sentensi, na kila utakachokisema kiwe kinarudi pale pale.

Natoa mfano wa gati kwa makusudi, kwa sababu nilishuhudia mama mmoja akilisemea gati, na mpaka leo sijaona maandalizi yaliyozidi yake.

Alikuja na kikapu. Jina lake lilipoitwa alisimama, akatoa kikapuni kamba ya makumbi yenye mafundo mawili, akamwomba kijana aliyeketi karibu naye ashike ncha moja. Akaivuta ikanyooka kutoka juu kwenda chini. Akasema: "Fundo hili la chini ni ukingo wa mashua, maji yakiwa yamekupwa siku ya bamvua. Fundo hili la juu ni ngazi ya kwanza iliyo nzima. Hapa katikati hapana kitu. Hapa katikati, mama mwenye mimba ya miezi minane anapandishwa na wanaume wawili, mmoja anamshika mikono, mwingine anamsukuma kwa nyuma." Akanyamaza. Kisha akasema wamepima siku tatu tofauti, akataja na siku zenyewe, akaomba ngazi zijengwe, akataja ngapi. Mwenyekiti akaagiza futi iletwe. Kamba ikapimwa pale pale mezani, kutoka fundo hadi fundo, mita moja na nusu kasoro kidogo. Nikaandika kipimo. Mama akakunja kamba yake akaketi, na hakuwa amemaliza hata dakika mbili.

Mkutano ulipoisha nilimfuata. Nikamuuliza, bibi, nani alikufundisha haya? Akanicheka kwa upole. "Mwanangu, mimi ni msusi wa mikeka. Shupatu usilolipima, mkeka huenda mshazari."

Nikadodosa zaidi, akanieleza walivyofanya. Kikundi chao kilikaa jioni tatu. Jioni ya kwanza kila mmoja alitoa lake, yakawa sita: maji, dawa za zahanati, barafu ya samaki, taa za njiani, chekechea, gati. Mwanzoni walimpa yeye yote sita, kwa kuwa ndiye mwenye ulimi. Akakataa. Akasema nikibeba mitungi sita nitafika na vigae. Wakagawana, kila mwanamke na jambo lake moja, na kila mmoja akajiandikisha kwa jina lake kwenye orodha ya wasemaji. Jioni ya pili wakatafuta vipimo na hesabu. Wa dawa alikwenda kuuliza dawa gani hukosekana na tangu lini. Wa barafu aliwauliza wavuvi ni kiasi gani cha samaki huharibika kabla ya kufika sokoni. Jioni ya tatu wakasemeana, mmoja anasimama, wengine wanajifanya wakubwa na kumuuliza maswali ya kumkera. Na ndani ya boti, siku yenyewe, wakasemeana tena juu ya mngurumo wa injini, mpaka nahodha naye akajua maneno yao.

Sitawaambia kwamba gati lilijengwa kesho yake. Pesa za umma haziendi hivyo. Lakini neno lake liliingia ripotini kama lilivyotoka kinywani mwake, na kipimo chake, na mwaka uliofuata aliporudi kuuliza "limefika wapi?" palikuwa na ukurasa wa kumfungulia. Yule mzee wangu wa miamba hakuwa na ukurasa.

Sasa, kabla hujashika kamba wala kalamu, ujue mlango unaoubisha ni wa nani. Nimeona watu wakisafiri baharini saa nyingi kuja kuliomba bunge la kaunti shule ya sekondari au kituo cha polisi. Wanapigiwa makofi, wanarudi kwao na furaha, na ombi lao halina pa kwenda, kwa sababu sekondari na polisi ni za serikali kuu. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawanya kazi hizi. Zahanati na hospitali za kaunti, uvuvi na kilimo, barabara za kaunti, vivuko na magati, maji, masoko, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, hayo yapelekeni kaunti. Usalama, sekondari, vyuo vikuu na barabara kuu ni ya Nairobi. Kaunti yetu ina wadi kumi, kuanzia Kiunga na Basuba mpaka Witu na Bahari. Mjue mwakilishi wenu wa wadi, na mjue kamati itakayoketi siku hiyo inashughulikia nini. Kumwomba mtu kitu asichokuwa nacho ni kumpa nafasi ya kukujibu vizuri bila kukupa chochote.

Na mjue wakati. Hapa ndipo tunapopoteza mengi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapata fungu gani, kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wengi wetu huamka mwezi wa Mei, tunaposikia tangazo la mkutano wa bajeti, tukaenda kuomba jambo jipya kabisa. Mwezi wa Mei mkeka umeshashonwa, umebaki kupindwa. Jambo jipya lisemwe mapema, wakati mpango wa mwaka unatungwa, halafu Mei mwende kulilinda lisitolewe. Isitoshe, mnaijua Mei yetu. Kusi imeanza, masika imekaza, na mtu wa Kiunga au Ndau anaweza kuamka siku ya mkutano akakuta bahari haipitiki. Ikiwa maneno yako yako kichwani tu, siku hiyo umekosa. Yakiwa yameandikwa, yatafika hata wewe usipofika, kwa sababu maoni ya maandishi nayo ni maoni.

Mkitaka kuona karatasi za bajeti kabla ya kwenda, ombeni. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Siku 21 ni nyingi ukizikumbuka leo, na ni chache ukizikumbuka wiki ya mkutano.

Haya, tuje kwenye kusema kwenyewe.

Mara nyingi utapewa dakika tatu. Nimejipima kwa saa ya simu, nikisoma Kiswahili kwa utulivu, na dakika moja hunimaliza maneno mia moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo dakika tatu ni karatasi moja ya daftari la shule, kwa mwandiko wa kawaida. Ukiwa na karatasi tatu, ujue mbili unazipeleka matembezini. Na usidhani utayakimbiza maneno yaingie yote. Karani haandiki mbio unazosema wewe, na ukimwacha nyuma anaruka sentensi, na ile anayoiruka huenda ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo kata nyumbani. Shukrani kwa wakubwa, sentensi moja inatosha, hakuna adabu iliyovunjika. Nimeandika mikutano ambayo mtu alimaliza dakika mbili akiwataja waheshimiwa mmoja mmoja kwa vyeo, na alipofika kwenye neno lake kengele ikalia. Heshima ni jambo zuri, na sisi watu wa Amu tumelelewa nalo, lakini kumheshimu mtu ni pamoja na kumwambia waziwazi ulichokuja kumwambia.

Kisha ufanye mazoezi kwa sauti, umesimama, mbele ya mtu. Kusoma kimoyomoyo kitandani si mazoezi. Kimoyomoyo kila mtu ni fasaha. Hapa kwetu jambo hili halihitaji kufundishwa. Vijana wanaopiga matwari kwenye Maulidi, umewahi kuona mmoja akilishika twari kwa mara ya kwanza siku ile ile, katikati ya umati? Hukaa usiku na usiku wakizoeana, mpaka mikono ikawa mmoja. Wacheza kirumbizi vile vile, fimbo haingoji ujifunze uwanjani. Tunajiandaa kwa furaha zetu kwa bidii kubwa, na hilo ni jema. Lakini tukienda kuomba dawa za watoto wetu tunasema "nitajua cha kusema nikifika."

Namna ninayoipenda mimi ya kujipima ni mtoto wa miaka kumi. Mketishe, mwambie hotuba yako yote, kisha muulize: "Mimi nimeomba nini?" Akikujibu sawasawa, karani naye ataandika sawasawa. Akikujibu "umesema bahari ni kubwa," rudi kwenye karatasi.

Naona binti mmoja wa nyuma ameinua mkono, anauliza, "Ami, na nikisimama nikasahau yote?" Swali lake ni zuri, nami namjibu.

Mwanangu, usikariri yote. Anayekariri yote akiteleza neno moja anaanguka na mlolongo mzima. Kariri sentensi mbili tu: ya kufungulia mlango, yaani wewe ni nani, unatoka wapi na unasema kwa niaba ya nani, na ile ya ombi. Hizo uzijue hata ukiamshwa usingizini. Mengine yaandike kwa vichwa vya maneno, herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu kama ya boksi. Nasema karatasi ngumu kwa sababu mkono ukitetemeka karatasi laini hupepea kama tanga, watu wote wakaona, na wewe mwenyewe ukaiona ukazidi kuogopa. Karatasi ngumu inakusitiri. Na ukisahau, nyamaza. Tazama karatasi yako, vuta pumzi, itoe polepole, uendelee. Kimya hicho kwako ni kirefu kama mwaka. Kwangu mimi mwenye kalamu ni neema, maana ndipo ninapomaliza mstari uliotangulia. Kwa miaka yote hiyo sikumwona mtu aliyeharibikiwa kwa kunyamaza kidogo. Niliowaona wakiharibikiwa ni waliojaza kimya kwa maneno yasiyokuwamo.

Kuhusu hofu yenyewe, sikilizeni. Amu hapakosi wasemaji. Pita Mkomani au Langoni baada ya isha, kila baraza ina mtu anayesimulia mpaka watu wanasahau kwenda kulala. Mtu huyo huyo mpe kipaza sauti mchana, ulimi unagandama. Si kwamba ameishiwa maneno. Barazani wanaomsikiliza wanamjua, wanajua babake na mtaa wake, na akitupa nusu ya neno wanadaka nusu iliyobaki. Kule mkutanoni hakuna wa kumdakia. Mwili nao ukiona watu wengi wanakukazia macho hudhani kuna hatari, unamwaga ile homoni inayoitwa adrenalini, moyo unapiga mbio, mdomo unakauka. Haimaanishi kuwa hufai. Hata waheshimiwa waliozoea huwa nao, nimekaa nao karibu nikawaona wakijifuta viganja chini ya meza. Dawa ninayoijua ni kuupunguzia mwili ugeni. Fika mapema. Nenda ukasimame pale utakaposimama, kabla watu hawajajaa. Jua mlango uko wapi, karani ameketi wapi, utapita wapi. Kunywa maji. Msalimie mtu mmoja au wawili wa mbele, ili utakapoinua macho uso wa kwanza uwe unaujua.

Kipaza sauti: kiweke vidole vinne kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, na usikipigepige kukijaribu. Mama mwenye nikabu, kisogeze karibu zaidi, kitambaa kinakula sauti kidogo. Mkutano ukiwa nje, upe mgongo upepo, usiingie kipazani. Kikizimika, na hapa kwetu huzimika, geukia meza ya karani na uinue sauti huko. Adhana ikilia, nyamaza. Injini ya boti ikipita au punda akilia, nyamaza pia, na usiogope dakika zako, mwenyekiti mwenye haki atakuongeza.

Semeni Kiswahili. Nalisema hili kwa uzito, maana nimewaona vijana wasomi wakijitesa kwa Kiingereza mbele ya wazee wao, ombi likapotea kati ya lugha mbili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Hakuna kikao cha umma kinachoweza kukufanya ujione mdogo kwa kukisema. Tahadhari moja tu. Kiamu chetu, Kipate, Kitikuu, ni vitamu, lakini karani huenda kwao ni bara. Jina la mwamba, la mlango wa maji au la samaki, litaje polepole na mpe limeandikwa. Nimeona sehemu ya kuvulia ikiandikwa kwa jina lisilokuwepo popote baharini, na ombi lake likawa la mahali pasipokuwapo.

Mtaulizwa maswali, na mawili nawaambia mapema kwa sababu huulizwa karibu kila mara. La kwanza: "Hili ni lako au la kijiji?" Nendeni na majina na sahihi, na kumbukumbu za kikao chenu cha kijiji au cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. La pili: "Pesa zitoke wapi?" Hapa ndipo karatasi za bajeti zinapokusaidia, uweze kusema kuna fungu fulani katika idara fulani, nasi tunaomba hili liingie humo. Ukiwa hujui, sema utaleta jibu kwa maandishi, utaje siku, na siku hiyo upeleke kweli. Usibishane. Mabishano mimi huyaandika kwa mstari mmoja: "kulitokea mabishano."

Na kila mmoja wenu aende na nakala mbili za alichoandika. Moja mpe karani mkononi. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe, urudi nayo nyumbani. Iweke pale unapoweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Huenda mtu akaona nazitukuza karatasi kupita kiasi. Basi tutazame yaliyotokea kwetu hapa hapa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya ujenzi wa bandari na mradi wa LAPSSET, ule ushoroba wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, cha megawati 1,050, na moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mule ndani swali halikuwa nani alilia zaidi. Lilikuwa nani aliambiwa nini, lini, akiwa na ripoti gani mkononi. Ushirikishwaji wa wananchi umo katika Kifungu cha 10 cha Katiba, na Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuuwezesha. Mlango uko wazi kisheria, na waliotutangulia kuupita walipita na makaratasi kwapani.

Basi mimi nimesema vya kutosha, na saa tuliyonayo ni yenu. Kalamu zimo katika kisanduku hiki, na karatasi ngumu nimezikata mwenyewe usiku, ziko za kuwatosha. Kila mtu aandike sasa ile sentensi yake moja, na asiyeandika amwambie aliye karibu naye amwandikie. Kisha mtapita mbele mmoja mmoja. Mimi nitarudi pale pembeni nilipozoea kuketi. Atakayesema, nitaandika nilichokisikia, wala sitamwongezea wala kumpunguzia, halafu nitamsomea hadharani ajue neno lake limefikaje. Yule binti aliyeuliza swali atatushikia saa.

Tuanze na wewe, mzee wa Kizingitini. Umeniambia asubuhi pale gatini kwamba tangu uzaliwe hujashika kipaza sauti, na kwamba una jambo la barafu ambalo umelibeba miaka. Karibu mbele, mzee wangu. Pokeeni kiti chake, akina mama, apite. Vidole vinne kutoka mdomoni, hivyo. Una dakika tatu, nami nimeshafungua ukurasa.